Blokucheni na Swali la Ukweli

Blokucheni, daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi, hulinda rekodi isibadilishwe, lakini haijui kama kilichoandikwa ni kweli. Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, haikuhitaji kujua: iliandika miamala yake yenyewe, na kila kompyuta ya mtandao iliweza kukagua kama mtumaji anazo fedha anazotuma. Taabu ilianza watu walipotaka kuingiza mambo ya nje, hasa yanayotegemea maoni: kazi imefanywa vizuri au ovyo, katika mgogoro haki iko upande gani.

Njia iliyopata wafuasi wengi ilitoka kwa mwanauchumi Thomas Schelling. Katika kitabu chake cha mwaka 1960 alisimulia jinsi alivyowauliza watu wangekutana wapi New York, na saa ngapi, bila kuwasiliana. Wengi walitaja dawati la maulizo la stesheni ya Grand Central. Karibu wote walichagua saa sita mchana. Mwaka 2014 Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa blokucheni ya Ethereum, aliligeuza wazo hilo kuwa utaratibu wa kura, SchellingCoin: kila mtu hujibu kwa siri, na wanaoafikiana na wenzao hulipwa. Ukweli ulitarajiwa kuwa ndiyo stesheni yao.

Januari 2015 Buterin mwenyewe alieleza ufa mkubwa wa utaratibu huo. Mhongaji anaahidi kumfidia kila atakayepiga kura ya uongo akajikuta kwenye wachache, na kumwongezea kidogo juu ya fidia hiyo. Kila mmoja anaona uongo ndio salama, wote wanaufuata, na kwa kuwa sasa ndio wengi, mhongaji halipi hata senti.

Augur, programu ya masoko ya ubashiri iliyotumia kura ya aina hiyo na kuzinduliwa kwenye Ethereum Julai 2018, ilikutana na tatizo la kawaida zaidi: swali bovu. Soko moja liliuliza chama gani kingedhibiti Baraza la Wawakilishi la Marekani baada ya uchaguzi wa Novemba. Democrats walishinda, lakini soko lilifungwa Desemba, wabunge wapya wakiwa hawajaapishwa. Majibu yote mawili yalikuwa na hoja, na hapo hata kuwataka wapiga kura waweke dhamana kubwa hakusaidii kitu.

Kleros, mahakama ya kidijitali iliyoanza majaribio mwaka huohuo kwa kuamua kama picha zilizowasilishwa ni za mbwa kweli, ilichagua waamuzi kwa bahati nasibu kati ya walioweka dhamana, na kuruhusu rufaa. Kila rufaa huongeza idadi ya waamuzi, hivyo mhongaji hulazimika kushawishi watu wengi zaidi, na gharama ya rufaa humwangukia anayeshindwa.