Mwaka Maduka ya Vijijini Yalipofungwa

Vijana wakiambiwa kwamba Serikali yetu iliwahi kuamuru maduka ya watu binafsi yafungwe vijijini, hudhani wazee tunawatania. Hawatukatalii kwa maneno. Hutabasamu tu, kisha hurudi kwenye simu zao. Lakini jambo hilo lilitokea. Lilitokea mwanzoni mwa mwaka 1976, Waziri Mkuu akiwa Rashidi Kawawa, nalo liliitwa Operesheni Maduka. Katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang, ambazo wakati huo zilikuwa bado katika Mkoa wa Arusha, athari zake zilidumu kuliko operesheni yenyewe. Kwa kuwa sijaona mtu wa huku aliyeyaandika, nimeona niyaandike mimi kabla sijasahau.

Yafaa kwanza msomaji ajue duka lilikuwa kitu gani. Mbulu ni mji wa boma. Wajerumani walijenga, Waingereza wakarithi, na kando ya boma maduka yakapangwa mstari mmoja, kuta za udongo au mawe, bati juu, baraza mbele. Wenye maduka walikuwa Wahindi kwa sehemu kubwa, na Waarabu na Wasomali kidogo. Hao Wasomali walipenda zaidi biashara ya ng'ombe. Nilipokuwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwenda dukani lilikuwa jambo la kunawa miguu kwanza. Ndani kulikuwa na giza na harufu tatu zilizochanganyika: mafuta ya taa, jora jipya la kaniki na sukari guru. Sukari ilipimwa kwa ratili, ikafungwa kwa karatasi iliyosokotwa kama pembe. Mama zetu wa Kiiraqw walinunua chumvi, kiberiti na blanketi. Wabarabaig walinunua shanga na nyaya za shaba za bangili, na walikuwa wateja wagumu kuliko sisi, maana walizijua rangi za shanga kama wajuavyo rangi za ng'ombe. (Watu wengi huwaita Wamang'ati. Jina hilo ni la Wamaasai, na maana yake ni adui, wenyewe hawalipendi.) Barazani alikaa fundi cherehani, akishona nguo iliyonunuliwa dakika ile ile ndani.

Nyuma ya kaunta lilikuwapo daftari, na hilo ndilo lililokuwa duka hasa. Tangu miaka ya 1920 wakoloni walikuwa na sheria iliyozuia Mwafrika kukopeshwa ovyo, wakisema ni kwa ajili ya kumlinda. Mfanyabiashara aliyekopesha bila idhini hakuwa na njia ya kumdai mtu mahakamani. Lakini mkulima hana fedha kila mwezi. Anazo baada ya mavuno, au anapouza dume mnadani. Kati ya hapo watoto wanahitaji chumvi. Basi mwenye duka alikopesha hivyo hivyo, nje ya sheria, na kwa kuwa hakuwa na hakimu wa kumkimbilia, ilimpasa awajue watu: huyu ni mwana wa nani, shamba lake liko wapi, neno lake lina uzito gani. Wengi wao walikisema Kiiraqw vizuri. Walitupunja? Ndiyo, mizani nyingine zilikuwa na kilema, na bei ya deni haikuwa bei ya fedha taslimu. Yote mawili ni kweli, na anayesimulia moja tu hajasimulia historia.

Baada ya Uhuru, Serikali ilijaribu kwanza njia ya upole. Mwaka 1962 ilianzishwa COSATA ili kuyapatia maduka ya ushirika bidhaa; haikudumu miaka kumi. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, na biashara kubwa ya jumla ikawekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa. Shirika hilo lilipolemewa, mwaka 1973 kila mkoa ukapewa kampuni yake ya biashara, ile ambayo wote tuliijua kwa herufi za RTC. Katikati ya hayo, Aprili 1971, ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Katika miji midogo kama yetu majengo ya thamani hiyo yalikuwa machache sana, lakini hofu haipimwi kwa shilingi. Familia moja moja za Kihindi zikaanza kufunga mizigo, nyingine kwenda Arusha au Dar es Salaam, nyingine Uingereza na Kanada.

Hapa ndipo panaposahauliwa. Ifikapo mwaka 1976, mwenye duka wa kijijini hakuwa tena mgeni. Alikuwa mtu wa pale pale: mwalimu wa dini aliyeuza ng'ombe wawili, askari mstaafu, mjane mwenye rafu tatu na mzani wa kukopa. Walikuwa wameanza miaka michache tu baada ya Wahindi kupungua. Operesheni Vijiji ilikuwa imetoka kuwahamisha watu kati ya 1974 na 1976, na wengi wao walikuwa wamebeba maduka yao kwa punda kwenda kijiji kipya. Hawajamaliza kuezeka, wakaambiwa wafunge. Katika mikutano waliitwa mabepari. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, nami nilikaa katika mikutano hiyo kama walivyokaa walimu wote, maana mwalimu ndiye aliyeandika muhtasari. Nakumbuka bepari mmoja aliyekuja mkutanoni amevaa viatu vya matairi.

Nia ya viongozi sikuidharau wakati ule, wala siidharau sasa. Walitaka faida ibaki kijijini badala ya kuingia mfuko wa mtu mmoja, na sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilikuwa imekifanya kijiji kiwe na uwezo wa kuendesha shughuli zake kama ushirika. Kwenye karatasi lilikuwa jambo safi. Ila duka huendeshwa na mtu anayeamka usiku kumfungulia jirani mwenye mgonjwa anayehitaji mafuta ya taa. Duka la kijiji liliendeshwa na kamati. Mtaji ulichangwa kaya kwa kaya, kisha mjumbe akatumwa Arusha kupanga foleni RTC, akarudi na nusu ya alichotumwa, wakati mwingine na kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Mvua ikinyesha, lori halipandi milima ya Mbulu. Udongo wetu unateleza kama sabuni. Muuzaji alikuwa kijana aliyejua kuandika, na msimu wa kulima ulipofika alikwenda kulima kama wenzake, ufunguo mfukoni.

Na hapakuwa na daftari. Kamati haiwezi kukopesha, kwa sababu ikimkopesha mmoja itaulizwa kwa nini haikumkopesha mwingine. Pale ilipokopesha, ilikopesha ndugu za wajumbe, na mtaji ukaisha kimya kimya. Hilo nililiona katika vijiji viwili tofauti. Nionavyo mimi lilichangia zaidi kuua maduka hayo kuliko wizi, ingawa wizi ndio uliosemwa zaidi.

Uhaba ulipokuwa mkubwa, Serikali ilisimamisha operesheni mwaka huo huo. Wengi hudhani mambo yalirudi kama yalivyokuwa. Hayakurudi. Mtu aliyefunga duka alikwisha kula mtaji wake au kuugeuza mbuzi, na aliyekuwa na akiba hakuwa na moyo wa kuitoa mbele za watu mara ya pili. Vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa mwaka huo huo wa 1976, hadi viliporuhusiwa tena kwa sheria ya 1982. Kisha vikaja vita vya Kagera, 1978 na 1979, na bidhaa zikaadimika nchi nzima. Huko Basotu mashamba ya ngano ya NAFCO, yaliyoendelezwa kwa msaada wa Kanada, yalienea hadi macho yanachoka. Ngano ilipita Katesh ndani ya malori. Katesh penyewe, kupata unga wa ngano wa maandazi ilibidi umjue mtu. Wabarabaig walionyang'anywa malisho kwa ajili ya ngano hiyo walikwenda mahakamani, lakini hiyo ni habari inayostahili kurasa zake.

Mwaka 1983 Edward Sokoine alipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, hata mwenye katoni mbili za sabuni chini ya kitanda hakulala. Wengi wa watu wetu walimpenda Sokoine, na wangali wanampenda. Walikuwa na haki ya kuwachukia walanguzi. Lakini nilimwona mtu akimwaga sukari korongoni usiku, na wanawe hawajanywa chai ya sukari kwa wiki nzima.

Mwaka 1984 walanguzi wakageuka waagizaji, kwa maana Serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa bila kuulizwa alizipataje. Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka uliofuata, mlango ukafunguliwa zaidi. Mitumba ikaja. Fundi wa barazani alibaki kupunguza suruali za Wazungu.

Mtaa wa maduka ulizaliwa upya, lakini kwa sura nyingine na, mara nyingi, mahali pengine. Katesh ndio mfano mzuri. Hanang ilipotengwa na Mbulu mwaka 1969, makao yake yalikuwa Babati. Babati ilipopata wilaya yake mwaka 1985, Katesh ikawa makao makuu ya Hanang, na ofisi zikaleta mishahara, na mishahara ikaleta maduka. Wafanyabiashara walitoka Kilimanjaro kwa wingi, hata leo mtoto hutumwa "kwa Mangi" ingawa mwenye duka ni Mwiraqw wa Dareda. Barabara ya lami kutoka Singida kupitia Katesh hadi Babati ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010, bidhaa za Kariakoo zilianza kufika kesho yake. Minada ya Katesh, Haydom na Dongobesh, ambayo zamani ilikuwa ya ng'ombe na nguo chache, ikawa maduka ya siku moja yenye kila kitu, na mwenye duka la kudumu, anayelipa kodi mwaka mzima, akabaki kuuza kile mtu alichosahau kununua mnadani.

Nyumba za baraza zinakwisha. Zinabomolewa, na mahali pake zinajengwa fremu: vyumba vinne au sita vyenye milango ya chuma, kila kimoja na mpangaji wake, kodi miezi sita mbele. Mpangaji akishindwa, jina hufutwa na kuandikwa jingine. Pale Mbulu kuna fremu moja ambayo kwa miaka mitatu imekuwa saluni, duka la dawa za mifugo na wakala wa fedha za simu. Sisemi ni vibaya. Sabuni ipo, sukari ipo, na hakuna anayeamka alfajiri kupanga foleni. Wajukuu zangu hawalijui neno kibali.

Tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang ulishusha maji, mawe na matope juu ya Katesh na Gendabi. Zaidi ya watu 80 walikufa, na maduka mengi yalijaa tope. Nilipokwenda kuwapa pole jamaa zetu, nilimkuta mwenye duka mmoja anachota tope kwa karai. Bidhaa alikwisha kuzikatia tamaa. Alichokuwa akikitafuta ni daftari, maana kumbe naye alikuwa nalo. Alilipata siku ya pili, kurasa zimeshikana, wino umekimbia. Majina aliyakumbuka karibu yote. Watu kumi na wawili walikuja wenyewe kumwambia wanadaiwa kiasi gani; wengine, alisema, bado anakutana nao mnadani wakitazama upande mwingine.