Simu ya intaneti imegoma? Soma namba hii kabla hujanunua bando lingine

Uko Ngamiani, unapiga simu Muscat kwa programu ya simu ya ofisini. Kimya. Kwenye skrini inatokea 408. Wengi wetu tunasema "mtandao mbovu", tunaongeza bando na kupiga tena. Mara nyingine hela inaenda bure, maana tatizo wala haliko kwenye bando.

Namba inatoka wapi?

Simu nyingi za ofisini zinazotumia intaneti, programu kama Zoiper na Linphone, hata simu za 4G (VoLTE), hutumia utaratibu mmoja uitwao SIP. Kanuni zake kuu zinazotumika hadi leo zilitolewa Juni 2002. Simu yako ikiomba kuunganishwa, inajibiwa kwa namba yenye tarakimu 3. Angalia ya kwanza:

- 1: Subiri. 100, ombi linashughulikiwa. 180, inaita huko.
- 2: Imekubali. 200, simu imepokelewa.
- 3: Amehama. 302, atafutwe kwa anwani nyingine kwa muda.
- 4: Ombi limekwama. Kosa linaweza kuwa kwako, au mtu hapatikani.
- 5: Seva ina shida. 503, imeelemewa au iko kwenye matengenezo. Wewe huna kosa.
- 6: Hapana, popote. 603, amekata kwa makusudi.

Za 4 ndizo zinasumbua zaidi

- 401 au 407: seva inataka nywila. Ikija mara moja ni kawaida. Ikijirudia, nywila imekosewa.
- 403: umezuiwa. Ongea na mtoa huduma.
- 404: namba haipo. Kagua ulichoandika.
- 408: jibu halikurudi kwa wakati.
- 480: mhusika yupo kwenye mfumo, ila kwa sasa hapatikani.
- 486: anaongea na mwingine.
- 487: simu ilikatwa kabla haijapokelewa.

Kumbuka, 200 haimaanishi mtasikilizana. Sauti hupita njia yake. Simu ikipokelewa halafu unasikia upande mmoja tu, mwambie fundi aanze na mipangilio ya ruta.

Mfano wa Mei 2024

Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama ile, simu ya Tanga kwenda Oman inaweza kuleta 408 au 503 hata kama una bando la kutosha. Dawa ni kusubiri, au kupiga simu ya kawaida.

Hii usiipuuze

Kama una ofisi ya kutoa mizigo bandarini au hoteli Pangani, mwombe fundi aangalie kumbukumbu za seva. Ukikuta 401 au 403 nyingi usiku, wakati hakuna mtu kazini, huenda kuna anayekisia nywila yenu. Akifanikiwa, atapiga namba za gharama kubwa nje ya nchi na bili itakuja kwenu. Wekeni nywila ndefu, na fungeni simu za nchi msizohitaji.

Simu ikigoma tena, piga picha ya skrini na uandike saa. "403, saa 4:10 asubuhi" inamsaidia fundi kuliko "simu haiendi".