Mvumo masikioni: chanzo chake na wakati wa kumwona daktari
Mvumo au mlio unaosikika masikioni pasipo sauti yoyote nje, ambao kitaalamu huitwa tinitasi, si ugonjwa bali ni dalili. Mara nyingi hutokana na kudhoofika kwa seli za usikivu katika sikio la ndani kwa sababu ya kelele au uzee. Ubongo, unapokosa ishara ulizozizoea, huaminika kuzalisha sauti yake wenyewe. Nta iliyoziba sikio pia huweza kuusababisha, sawa na dawa kama jentamaisini na kwinini. Hata hivyo, mgonjwa wa malaria asikatishe dozi bila ushauri wa daktari. Mlio unaodunda sambamba na moyo, ulio katika sikio moja tu, au unaoambatana na kupotea kwa usikivu ghafla, wahitaji kuchunguzwa hospitalini bila kuchelewa.