Namna ya Kulinganisha Ufaulu wa Shule za Sekondari za Serikali katika Halmashauri Moja

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya Mtihani wa Kidato cha Nne, wazazi na viongozi wa kata huanza kulinganisha shule za halmashauri yao. Ni haki ya mwananchi kujua hali ya shule anayosoma mtoto wake. Hata hivyo, ulinganisho unaoegemea takwimu moja unaweza kuipa sifa shule isiyostahili, au kuwalaumu walimu wanaofanya kazi nzuri katika mazingira magumu.

Tangu Januari 2023, Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora kitaifa. Matokeo ya kila shule yameendelea kuwekwa wazi katika tovuti yake. Kwa sababu hiyo, kazi ya kulinganisha imebaki kwa msomaji mwenyewe, naye anahitaji kuelewa anachokisoma.

Maana ya madaraja

Mtahiniwa hupangiwa daraja kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Alama A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5. Daraja la Kwanza ni pointi 7 hadi 17, la Pili 18 hadi 21, la Tatu 22 hadi 25 na la Nne 26 hadi 33. Mwenye pointi 34 au 35 hupata sifuri. Kwa utaratibu huu pointi chache ndizo bora, na vivyo hivyo wastani wa shule unaoandikwa GPA: ukiwa mdogo, ufaulu ni mkubwa.

Asilimia ya ufaulu pekee haitoshi

Waliofaulu ni wote waliopata Daraja la Kwanza hadi la Nne. Mwanafunzi mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, hivyo anahesabiwa kuwa amefaulu. Lakini hawezi kuchaguliwa kujiunga na Kidato cha Tano, ambako huhitajika alama A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Shule ya kwanza ina watahiniwa 30 na wote wamefaulu, ila 24 kati yao wamepata Daraja la Nne. Shule ya pili ina watahiniwa 180. Waliofaulu ni 162, na 72 miongoni mwao wamepata Daraja la Kwanza hadi la Tatu. Kwa asilimia ya ufaulu, shule ya kwanza inaongoza kwa 100 dhidi ya 90. Kwa asilimia ya waliopata Daraja la Kwanza hadi la Tatu, shule ya pili inaongoza kwa 40 dhidi ya 20.

Linganisha shule zinazofanana

Shule za Serikali hazipokei wanafunzi kwa utaratibu mmoja. Shule za vipaji maalumu, kama Msalato ya Jijini Dodoma na Kilakala ya Manispaa ya Morogoro, hupokea wanafunzi waliofanya vizuri sana katika mtihani wa darasa la saba kutoka maeneo mbalimbali nchini. Shule ya kata hupokea watoto wa eneo lake, wengi wao wakitoka kusoma kwa Kiswahili na kuanza kujifunza kwa Kiingereza. Baadhi yao hutembea umbali mrefu kila siku. Kwa hiyo ni busara kulinganisha shule ya kutwa na ya kutwa, na ya bweni na ya bweni.

Idadi ya watahiniwa nayo ni muhimu. Katika shule yenye watahiniwa 25, mwanafunzi mmoja ni asilimia 4 ya matokeo yote. Mabadiliko ya mwaka mmoja katika shule hiyo yanaweza yasiwe na maana kubwa. Inafaa kutazama mwenendo wa miaka mitatu au zaidi.

Wasiofika chumba cha mtihani

Swali ambalo halijibiwi na orodha ya matokeo ni wangapi walianza Kidato cha Kwanza. Ikiwa walianza 200 na waliofanya mtihani ni 120, ufaulu wa asilimia 90 una maana kwamba waliofaulu ni 108, yaani asilimia 54 ya walioanza. Wengine huenda walihama, walikariri Kidato cha Pili au waliacha masomo. Tangu ada ilipofutwa katika sekondari za Serikali hadi Kidato cha Nne mwaka 2016, kumbakiza mwanafunzi shuleni ni sehemu ya kazi ya shule kama ilivyo kumfaulisha.

Mahali pa kuuliza

Mzazi anaweza kupata ufafanuzi kwa Mkuu wa Shule, katika Bodi ya Shule au kwa Afisa Elimu Sekondari wa Halmashauri. Maswali ya kuanzia ni haya: walioanza ni wangapi na waliomaliza ni wangapi, wangapi wamepata Daraja la Kwanza hadi la Tatu, somo lipi limeshuka, na je, lina mwalimu? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonesha kama shule inahitaji usimamizi zaidi, au inahitaji walimu, maabara na bweni.