Torsten Lenk: Mswedi aliyetafuta asili ya bunduki ya gumegume

Katika vikundi vya watu wa Ulaya na Marekani wanaokusanya bunduki za zamani, kuna majina machache yanayotajwa kwa heshima hata kama wenyewe walikufa zamani. Moja ni la Torsten Lenk, Mswedi aliyezaliwa mwaka 1890 na kufariki mwaka 1957. Hakujulikana kama mwanajeshi wala fundi wa silaha. Alikuwa mtu wa makumbusho, ile nyumba ambayo wengi hapa Kongo wanaita mize, na watu wanamkumbuka zaidi juu ya kitabu kimoja: Flintlåset, kilichotoka Stockholm mwaka 1939. Maana ya jina hilo ni «mtambo wa gumegume».

Neno bunduki linaleta machungu mengi mashariki ya Kongo, na ni haki. Kwa hiyo inafaa kueleza kwanza hawa wakusanyaji ni watu gani. Vitu wanavyotafuta ni vyuma vya miaka 200, 300 ao 400, vingi havijapiga risasi tangu zamani. Wanavipima, wanasoma alama ndogo zilizogongwa juu ya chuma, wanabishana siku nzima juu ya skrubu moja. Ni kazi ya historia, hata kama kitu chenyewe ni silaha. Swali lililowasumbua kwa muda mrefu lilikuwa hili: ile bunduki ya jiwe, iliyotawala vita na uwindaji kwa miaka zaidi ya 200, ilianzia fasi gani, na mkononi mwa nani?

Shida ilikuwa moto

Ili kuelewa kazi ya Lenk ni lazima kuelewa mtambo. Bunduki ya zamani ilijazwa kupitia mdomo wake: baruti kwanza, kiisha risasi, na vyote vikashindiliwa kwa mdeki. Hiyo haikuwa ngumu. Ngumu ilikuwa moto. Namna gani kupeleka moto ndani ya mtutu kwa saa ileile mtu anayotaka?

Njia ya kwanza ilikuwa utambi, kamba inayowaka polepole. Mvua ikinyesha, utambi unazimika. Usiku, adui anauona ukiwaka. Kiisha ikaja bunduki ya gurudumu: gurudumu dogo la chuma lilikazwa kwa ufunguo sawa vile saa, na likizunguka linasugua jiwe na kutoa cheche. Ilifanya kazi vizuri lakini bei yake ilikuwa ya wakubwa, na ikiharibika, si kila fundi aliweza kuitengeneza.

Gumegume ikaleta jibu la bei ya chini. Jiwe linashikwa na mkono wa chuma wenye springi. Ukivuta kifyatulio, mkono unaanguka, jiwe linapiga kipande cha chuma, cheche zinaanguka ndani ya kisahani chenye baruti kidogo, na moto unapita katika tundu dogo hadi ndani ya mtutu.

Inaonekana rahisi, lakini katika karne ya 16 kulikuwa na mitambo ya jiwe ya namna nyingi: ya Waswedi, ya Waitalia, ya Wahispania, na baadaye ya Waskoti na wengine. Katika mingi ya hiyo, chuma kinachopigwa na kifuniko cha kisahani vilikuwa vitu viwili mbali mbali. Mtambo ambao baadaye ulienea dunia nzima uliviunganisha kuwa kipande kimoja chenye umbo la herufi L: sehemu ya juu inapigwa na jiwe, sehemu ya chini inafunika baruti isilowe ao kumwagika. Jiwe likipiga, kifuniko kinafunguka kwa pigo lilelile.

Lakini Wahispania nao waliunganisha vipande hivyo viwili. Basi mtu akitazama nje tu anaweza kudanganyika. Tofauti kubwa iko ndani, nyuma ya bamba la chuma. Huko kuna kipande kinachozunguka pamoja na mkono wa jiwe, chenye mikato miwili. Mkato wa kwanza unashika jiwe nusu ya njia, ili mwenye bunduki atembee bila kuogopa. Wa pili unalishika likiwa tayari kupiga. Na ile meno inayoingia katika mikato hiyo inapanda na kushuka, haitokezi pembeni kupitia tundu la bamba kama katika mitambo ya zamani.

Mtu wa nyumba ya wafalme

Lenk alifanya kazi katika Livrustkammaren, makumbusho ya silaha na mavazi ya wafalme wa Uswedi huko Stockholm, na akafikia kuiongoza. Ni makumbusho ya zamani kupita yote katika nchi hiyo. Ilianza mwaka 1628, wakati mfalme Gustav II Adolf alipotoa amri kwamba nguo alizovaa katika vita vya Poland zitunzwe. Hata farasi wake Streiff, aliyempanda katika vita vya Lützen mwaka 1632 ambako mfalme aliuawa, bado yuko pale, ngozi yake imejazwa na kusimamishwa.

Nyumba kama hiyo ilikuwa na faida moja kubwa kwa mtafiti: vitu vyake vina karatasi. Mwaka 1673, kwa mfano, mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alimtumia zawadi mfalme Karl wa 11 wa Uswedi, farasi na silaha nzuri za Paris. Bunduki iliyofika kwa tarehe inayojulikana ni kama jiwe la mpaka katika shamba. Kutoka hapo unaweza kupima zile zisizo na tarehe, kwenda nyuma ao kwenda mbele.

Lenk alitumia pia vitabu vya michoro. Katika karne ya 17 mafundi wa Paris walichapisha michoro ya mapambo ili mafundi wengine waige. Jean Berain alitoa yake mwaka 1659. Ukiona bunduki yenye maua na sura za watu zilizotoka katika mchoro fulani, unajua haiwezi kuzaliwa mbele ya mchoro huo. Lakini inaweza kuzaliwa miaka mingi nyuma yake, juu fundi wa mji wa mbali anaweza kuiga mtindo ambao Paris walishauacha. Ndiyo sababu Lenk hakuamini mapambo peke yake. Umbo la bamba, namna kitako kilivyochongwa, mpangilio wa vyuma ndani: vyote aliviweka pamoja mbele ya kusema neno.

Njia ikampeleka Lisieux

Utafiti huo ulimpeleka katika mji wa Lisieux, Normandie, Ufaransa. Huko kulikuwa na familia ya le Bourgeoys. Marin le Bourgeoys alikuwa mtu wa mikono mingi: alichora, alichonga, alitengeneza vyombo vya muziki na bunduki. Mfalme Henri wa 4 alimpenda, na mwaka 1608 akampa makao ndani ya jumba la Louvre, kati ya mafundi wa mfalme. Ndugu yake Pierre, aliyekufa mwaka 1627, alikuwa naye katika kazi hiyo. Marin alikufa mwaka 1634.

Katika makumbusho ya Hermitage, mji wa Saint-Petersburg, kuna bunduki yenye jina la Marin na la mji wake. Mtambo wake una vitu vyote viwili: kipande cha L nje, na meno ya kupanda na kushuka ndani. Na katika mbao yake imegongwa namba. Hiyo namba ndiyo iliyofungua mlango. Mfalme Louis wa 13, mtoto wa Henri wa 4, alipenda bunduki tangu utoto na alikusanya nyingi. Baada ya kufa kwake, katika wakati wa Louis wa 14, maofisa waliandika orodha ya mali ya mfalme, ikaanza mwaka 1673, na silaha za mkusanyo huo zikapewa namba. Mapinduzi na vita vikaja, mkusanyo ukasambaa, bunduki zikauzwa, zikaibiwa, zikavuka mipaka. Namba zikabaki katika mbao, na orodha ikabaki katika karatasi. Mtu mwenye uvumilivu aliweza kuvikutanisha.

Jibu la Lenk likawa hili: mtambo kamili wa gumegume ulitoka Ufaransa, mwanzo wa karne ya 17, na mtu wa karibu kabisa kuwa mwanzilishi wake ni Marin le Bourgeoys.

Hapa kuna jambo ambalo halisemwi sana. Uswedi ilikuwa na mitambo yake ya jiwe ya zamani sana, tangu katikati ya karne ya 16. Mtafiti Mswedi, anayelipwa na nyumba ya wafalme wa Uswedi, angeweza kuvuta heshima kwa nchi yake, na wasomaji wa Stockholm wangefurahi. Lenk akaipa Ufaransa. Mbele yake wengine walishikilia Hispania, wengine Uholanzi, na kulikuwa hata hadithi kama wezi wa kuku wa Kiholanzi ndio walioanzisha mtambo wa jiwe ili wasionekane usiku na utambi wao. Hadithi tamu, lakini haina chuma cha kuishuhudia.

Miaka 26 ya kungoja

Kitabu kilitoka mwaka ambao vita vya pili vya dunia vilianza, na kiliandikwa Kiswedi, lugha ambayo wakusanyaji wengi wa London na New York hawakuijua. Kwa miaka mingi wengi wao walisikia tu kutoka kwa wengine kile Lenk alichosema, ao walitazama picha bila kusoma maneno. Mtu anayeandika katika lugha isiyosomwa na wengi anaifahamu hali hiyo vizuri. Tafsiri ya Kiingereza, ya G. A. Urquhart, ilitoka mwaka 1965 chini ya usimamizi wa John Hayward, mtaalamu wa makumbusho ya Victoria and Albert ya London. Lenk alikuwa amekwisha kufa miaka minane. Hakuona namna kitabu chake kilivyokuja kuwa kitu cha kwanza kufunguliwa mezani kila mara bunduki ya zamani ya Kifaransa inapotokea.

Na ilitokea kweli. Tarehe 21 Novemba 1972, nyumba ya mnada ya Sotheby's mjini London iliuza bunduki kutoka mali ya marehemu William Goodwin Renwick, mkusanyaji wa Marekani. Ilikuwa ya Louis wa 13, yenye namba 134 ya orodha ile, na kazi yake inahesabiwa kuwa ya Pierre le Bourgeoys. Ilichukuliwa kwa paundi 125 000, bei ambayo hakuna bunduki moja iliyowahi kuifikia mpaka siku hiyo. Leo iko New York, katika makumbusho ya Metropolitan. Mapambo yake ni mazuri, kweli. Lakini bunduki nzuri ziko nyingi. Pesa zile zililipwa pia juu ya namba ndogo katika mbao na maana yake.

Watu bado wanajadiliana kama ni Marin peke yake ao familia nzima, ao kama fundi mwingine alikuwa na wazo hilo mbele yao. Ushahidi wa Lenk ni wa vyuma na orodha. Hakuna cheti cha uvumbuzi kutoka Lisieux.

Gumegume ilipofika Kongo

Kiswahili kilihifadhi neno gumegume kwa jiwe lenyewe na kwa bunduki yake. Katika karne ya 19, wakati misafara ya Tippu Tip ilipoingia Maniema, na wakati Msiri alipotawala kutoka Bunkeya katika Katanga, bunduki za kujaza kwa mdomo zilikuwa mali, bei na nguvu. Zilibadilishwa kwa pembe za ndovu, na zilitumiwa kukamata watu. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yameshaacha mtambo wa jiwe, lakini mafundi wa Liège katika Ubelgiji waliendelea kuutengeneza kwa biashara ya Afrika.

Kiisha mtambo wenyewe ukaingia katika sheria. Mkataba wa Bruxelles wa tarehe 2 Julai 1890 ulikataza kuingiza silaha katika Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, na Kongo yote iko ndani ya mstari huo. Lakini uliacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Silaha za kisasa zilibaki kwa maaskari wa wakoloni. Mwafrika aliachiwa mtambo uliozaliwa wakati wa Henri wa 4. Kujua tofauti ya mtambo mmoja na mwingine, jambo linaloonekana kama mchezo wa matajiri, lilikuwa kazi ya mtu wa duane.

Lenk hakuandika juu ya bunduki hizo za biashara. Kitabu chake kinakaa zaidi na wafalme na mafundi wenye majina. Lakini njia yake, ya kusoma alama na kuzilinganisha na tarehe inayojulikana, inafanya kazi hata kwa bunduki ya bei ya chini. Zile zilizopimwa Liège tangu mwaka 1810 zina herufi ELG ndani ya umbo la yai, na kuanzia mwaka 1893 taji liliongezwa juu ya umbo hilo. Mtutu wenye ELG bila taji ulipimwa mbele ya mwaka 1893, hata kama kitako chake kimebadilishwa mara tatu kijijini.