Manjanja ni ya mwisho: historia ya nyumba tunazorudilia Masisi na Walikale



Kila mara tunapogawa manjanja, kuna mutu mumoja kwenye mustari anayeuliza swali ambalo halimo katika kaye yetu. Mara ya mwisho alikuwa mama mmoja aliyetoka kambini karibu na Goma mwezi wa pili 2025, wakati kambi zile zilipovunjwa. Alipofika kwake, juu ya barabara ya Nyabiondo, alikuta kuta zimesimama, paa hakuna, milango hakuna, na mtu amelima maharagi mpaka kwenye kizingiti. Akatuuliza: "Nyumba ni yangu, hiyo najua. Lakini udongo ni ya nani?" Alitaka kujua kama akipiga misumari leo, kesho hatafukuzwa.

Komite iliniomba nijibu, kwa maana nilifundisha historia miaka mingi. Jibu ni refu kidogo, munisamehe.

Masisi, mbele ya wazungu, udongo ulikuwa mikononi mwa bami na wazee wa koo za Bahunde. Mutu akitaka kulima alitoa mutulo, naye akapata mahali. Hapakuwa karatasi, palikuwa mashahidi. Mwaka 1928 ukaanzishwa mungano mukubwa wa wakoloni, Comité National du Kivu, uliopewa nguvu ya kugawa mashamba kwa wazungu. Milima mizuri ya baridi, ile ya malisho, ikaingia plantasio. Kisha, kuanzia 1937 mpaka 1955, serikali ya Wabelgiji ikahamisha watu kutoka Rwanda, karibu 85,000 kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, ikawaweka Gishari na kandokando. Gishari ikapewa chefu wake, halafu 1957 uchefu ule ukafutwa.

Angalia sasa matokeo yake kwa nyumba. Kwenye kilima kimoja, baba wa kwanza alijenga kwa mutulo wa mwami. Wa pili alionyeshwa kiwanja na wakala wa koloni. Wa tatu alijengewa nyumba ya matofali na mwenye plantasio, kwa sababu alikuwa mufanyakazi wake. Nyumba tatu zinaonana mulango kwa mulango, lakini kila moja iliingia kwenye udongo kwa njia yake. Wenyewe waliazimana chumvi na moto bila shida. Shida ilikuwa imelala chini yao.

Nyuma ya uhuru, mambo hayakunyooka. Sheria ya Bakajika ya 1966, kisha sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973, zilisema udongo wote ni wa Serikali, na mwenye haki ni yule mwenye sertifika. Kuhusu udongo wa vijiji, sheria ya 1973 ilisema tu kwamba ordonansi ya Rais itapanga haki zao. Miaka zaidi ya 50 imepita, bado tunaingojea. Mwaka ule ule, tarehe 30 mwezi wa 11, Mobutu akatangaza zairianisation: plantasio za wageni zikapewa wakubwa wa nchi. Yule baba wa tatu, mwenye nyumba ya matofali, akaamka akiwa na bwana mupya anayeishi mbali, mwenye karatasi, ambaye pengine hakufika hata siku moja kuona kilima. Na sertifika, ikipita miaka 2 bila kushitakiwa, inakuwa vigumu sana kuipinga. Mwanakijiji wa kawaida atajuaje kwamba kule mjini kuna karatasi ya kushitaki?

Vita ilikuja juu ya hayo yote. Tarehe 20 mwezi wa 3, 1993, watu walishambuliwa kwenye soko la Ntoto, teritware ya Walikale, na katika siku chache mauaji yakapanda mpaka Masisi. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda wakajaa Kivu, 1996 ikaja vita ingine. Wa kwetu walienda kila upande: Goma, Uganda, Rwanda, ambako kambi ya Kiziba ilifunguliwa 1996. Walioenda walikuwa wa kabila zote, lakini si wote siku moja, na hilo ni neno kubwa. Aliyekimbia leo aliacha nyumba, aliyekimbia kesho kutoka kilima kingine akalala ndani yake. Huyu wa pili hakuiba. Alikuwa na watoto, mvua ilikuwa inanyesha. Akakaa miaka 10, akazika mama yake nyuma ya nyumba.

Mwezi wa 2, 2010, Kongo, Rwanda na HCR walitia sahihi mapatano ya kurudisha wakimbizi, na komite za upatanisho za mahali zilikwisha kupangwa katika mapatano ya amani ya 2009. Kazi yao ilikuwa kusikiliza mambo kama haya. Mahali fulani zilifanya kazi nzuri, mahali pengine zilibaki jina. Kisha vita ikarudi tena.

Kwa hiyo wafadhili wetu muelewe: kwetu, kutengeneza nyumba ni kusema "hapa ni pangu" mbele ya watu wote. Msumari wa kwanza ni sauti, na jirani anaisikia. Ripoti zinahesabu manjanja kwa sababu manjanja yanahesabika, yanang'aa kwenye picha. Lakini paa iliyopandishwa mbele ya kuongea na kapita na majirani imeleta ugomvi mara nyingi kuliko tunavyopenda kuandika.

Walikale ni hadithi nyingine kidogo. Kule ni msitu, nyumba nyingi ni za miti na udongo, na mutu akirudi anaweza kusimamisha kuta mupya katika majuma machache. Kigumu ni kufikisha vitu. Barabara ya kutoka Sake kupitia Masisi ni ya matope, kwa hiyo kwa miaka mingi ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe, pale Kilambo, zikileta bidhaa na kubeba kasiterite. Sima na manjanja yakifika namna hiyo, bei yake munaiwaza wenyewe.

Sasa maji. Nyumba kubwa za plantasio zilikuwa na maji ndani, na bila mashine. Chemchemi ilikuwa juu, ikajengewa sanduku la sima, mpira ukateremka mpaka jikoni na kwenye zizi la ngombe. Wafanyakazi waliteka chini, mtoni. Mabomba mengi ya zamani yalikatwa ama yaliziba, lakini chemchemi hazikukimbia. Kanuni ni ile ile: chemchemi iwe juu kuliko robine, na kila meta 10 za kuteremka zinaongeza mukazo wa bari 1. Kilima kikiwa kirefu sana, lazima tangi ndogo katikati ya kuvunja nguvu, bila hiyo mpira unapasuka. Tena hapa swali la udongo linarudi: mpira unapita shambani mwa watu saba, na mmoja akikataa, wote wanabeba bidoni.

Juu ya moto wa umeme sina mengi. SNEL iliundwa 1970, lakini kwa vijiji vyetu vingi waya haikufika. Sheria ya 2014 iliwaruhusu wengine wafanye kazi hiyo, na tangu 2015 mtambo wa Matebe, kule Rutshuru, unatoa megawati zaidi ya 13. Mito ya Masisi inateremka kwa nguvu vilevile. Kwa sasa anayerudi ananunua sola ndogo ya kuchaji simu na kuwasha balbu mbili, na mimi ningemwambia aifunge mwisho kabisa, kwa maana ndiyo inayoibwa kwanza.

Mama yetu hatukumpa manjanja siku ile, na alikasirika. Tulienda naye kwa kapita, tukaita wazee wanne waliomjua baba yake na yule aliyelima maharagi, ambaye naye alikuwa amefukuzwa kwake upande wa Kitshanga. Waliongea siku mbili. Karatasi iliandikwa, mipaka ikatajwa kwa majina ya miti, kila mutu akaweka kidole. Mulimaji atavuna kwanza, atabaki na sehemu ya chini ya shamba kwa misimu miwili, na ule mpira wa maji utapita kwake bila kulipa. Maharagi yamekwisha kukomaa. Juma lijalo tunapandisha mbao za paa.