Amri ya 1637 na Wakusanyaji wa Vitabu: Udhibiti kama Chanzo cha Historia ya Fasihi

Historia ya udhibiti wa machapisho aghalabu huandikwa kama historia ya hasara: vitabu vilivyochomwa, waandishi waliofungwa, miswada iliyopotea. Mtazamo huo ni wa kweli lakini haujakamilika. Makala haya yanadai kwamba mdhibiti, hata bila kukusudia, huwa pia mtunza kumbukumbu, na kwamba mkusanyaji wa vitabu ni mrithi wake asiyetarajiwa. Mfano wetu ni Amri ya Mahakama ya Star Chamber kuhusu uchapishaji, iliyotolewa London tarehe 11 Julai 1637, enzi ya Mfalme Charles I.

Masharti ya amri hiyo yalikuwa makali. Wachapaji wakuu, mbali na wale wa Mfalme na wa vyuo vikuu, hawakuruhusiwa kuzidi 20, na mafundi wa kusubu herufi za chapa hawakuzidi 4. Aliyeendesha mtambo bila ruhusa aliweza kutiwa mkatale hadharani na kuchapwa viboko. Linalomhusu zaidi mhakiki, hata hivyo, ni namna kazi ya kusoma ilivyogawanywa. Vitabu vya sheria vilikaguliwa na majaji wakuu. Vya historia na mambo ya dola, na mawaziri wa Mfalme. Ushairi uliwekwa pamoja na teolojia na falsafa, chini ya Askofu Mkuu wa Canterbury na Askofu wa London. Hapa dola inatangaza nadharia yake ya tanzu: shairi ni suala la imani na maadili, na kwa hiyo mlinzi wake ni kasisi.

Amri hiyohiyo iliagiza kwamba mswada uwasilishwe kwa nakala mbili, moja ibaki kwa wakaguzi ili mchapaji asije akaubadilisha. Iliagiza pia kwamba nakala moja ya kila kitabu kipya itengwe kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Oxford. Hivyo basi mkono uliozuia ndio uliohifadhi.

Star Chamber ilivunjwa mwaka 1641, lakini Bunge lilirejesha utoaji wa vibali mwaka 1643. John Milton aliupinga utaratibu huo katika Areopagitica ya 1644, ambayo yenyewe ilichapishwa bila kibali. Sheria ya vibali ilikoma mwaka 1695.

Mwaka 1884 wapenzi wa vitabu mjini New York waliunda Grolier Club, wakiipa jina la Jean Grolier, mkusanyaji Mfaransa wa karne ya 16. Chapisho lao la kwanza, mwaka huohuo, lilikuwa ni Amri ya 1637. Waraka uliokusudiwa kuwabana wachapaji ukageuka pambo la ufundi wao, katika nakala chache za wanachama. Kinaya hicho kina pande mbili. Chama kiliuokoa waraka usisahaulike. Wakati huohuo, uhaba uliowahi kulazimishwa na mahakama ulirejea kama fahari ya mwenye mali. Hofu iliyouzaa waraka ilifunikwa na uzuri wa karatasi.

Suala hili halikuishia ng'ambo. Sheria ya Vitabu na Magazeti ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1960 chini ya ukoloni, iliwataka wachapishaji wawasilishe nakala za vitabu kwa msajili. Nakala iliyowekwa kwa msajili ni ushahidi kwa mpelelezi na ni hazina kwa mtafiti.

Kutokana na hayo, mhakiki hana budi kuyasoma majalada ya udhibiti kama matini, akiuliza ni utanzu gani ulioogopwa, na nani aliyeteuliwa kuusoma. Aidha, hana budi kuuliza nakala iliyosalia iko mikononi mwa nani. Kitabu kilichonusurika moto kisha kikafungiwa kabatini bado hakijamfikia msomaji wake.